Howard Hawks na Hatari!: Mwongozaji wa Hollywood Chini ya Milima ya Mbulu

Mwishoni mwa mwaka 1960 na miezi ya mwanzo ya 1961, msafara wa filamu kutoka Marekani ulikuwa ukikimbiza magari katika nyika za kaskazini mwa Tanganyika: kandokando ya Ziwa Manyara, ndani ya kreta ya Ngorongoro, na Momella, chini ya Mlima Meru. Mkuu wa msafara huo alikuwa Howard Hawks, mwongozaji mwenye umri wa miaka 64, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akitengeneza filamu Hollywood. Kazi iliyotokana na safari hiyo iliitwa Hatari!, na kwa watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani ikawa mara yao ya kwanza kuiona sehemu hii ya Bonde la Ufa kwa rangi na kwa upana wake.

Atakayesimama ufukweni mwa Ziwa Manyara akatazama magharibi huona ukuta mkubwa wa mawe na miti. Juu ya ukuta huo ndiko iliko nyanda ya Mbulu, nchi ya Wairaqw. Mbulu ya mwaka 1960 haikuwa wilaya tunayoijua leo. Ilikuwa pana, ikiwa na Hanang, Babati na Karatu ndani yake. Hanang ilitengwa mwaka 1969, Babati ikamegwa kutoka Hanang mwaka 1985, Karatu ikafuata miaka ya 1990, na Mkoa wa Manyara wenyewe ukazaliwa mwaka 2002. Kwa hiyo historia ya filamu hii ni sehemu ya historia ya Mbulu, ingawa Mbulu yenyewe haitajwi mara nyingi filamu hiyo inapozungumzwa.

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa sababu alichokipiga picha Manyara kilikuwa kichwani mwake muda mrefu kabla hajafika.

Hawks alizaliwa tarehe 30 Mei 1896 katika mji wa Goshen, jimbo la Indiana, katika familia yenye uwezo iliyoendesha viwanda vya karatasi. Alipokuwa bado mtoto familia ilihamia California, na baadaye yeye akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell. Wakati wa likizo alifanya kazi ya kubeba na kupanga vifaa katika studio za filamu, ambazo siku zile zilikuwa bado changa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Marekani aliingia jeshini katika kitengo cha ndege, na baada ya vita akaunda na kuendesha magari ya mashindano. Injini, mwendo wa kasi na watu wanaozimudu kazi zinazoweza kuwaua: hayo aliyajua kwa mikono yake kabla ya kuyajua kwa kamera.

Mwaka 1926 aliongoza filamu yake ya kwanza. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Januari 1930, ndugu yake Kenneth, naye mwongozaji, alikufa pamoja na watu wengine tisa ndege mbili zilipogongana juu ya bahari wakati wa kupiga picha za filamu. Mwaka huohuo Howard alitoa The Dawn Patrol, filamu ya marubani wa vita wanaotumwa angani alfajiri huku wenzao wakihesabu wangapi watarudi. Kuna wanaoona kifo cha ndugu yake kuwa ndicho chanzo cha simulizi hizi za kundi dogo la mafundi walioizoea hatari. Mimi naona maelezo hayo yanafaa kwa sehemu tu. Kifo cha Kenneth kiliipa simulizi hiyo uzito, lakini mbegu yake ilikuwapo tangu siku za jeshi na za magari.

Kuanzia hapo kazi yake ilikwenda mbio, na sina haja ya kuihesabu yote. Alitengeneza filamu ya majambazi, Scarface, mwaka 1932. Vichekesho kama Bringing Up Baby mwaka 1938, ambamo chui anazurura katika nyumba za matajiri. Filamu ya marubani wa barua, Only Angels Have Wings, mwaka 1939. Sergeant York mwaka 1941, iliyompa nafasi yake pekee ya kushindania Oscar ya uongozaji. Na Red River mwaka 1948, iliyomkutanisha kwa mara ya kwanza na mwigizaji John Wayne. Kwa miaka mingi wakubwa wa Hollywood walimhesabu kuwa fundi hodari wa biashara, basi. Wahakiki vijana wa Ufaransa, wakiongozwa na maandishi ya Jacques Rivette ya mwaka 1953, ndio waliosema kuwa ndani ya filamu hizo zisizofanana kulikuwa na mtu mmoja mwenye wazo moja. Mwaka 1955 alijikwaa: filamu yake ya Mafarao, iliyopigwa Misri kwa gharama kubwa, haikupendwa. Akakaa kimya miaka kadhaa, kisha akarudi kwa kishindo mwaka 1959 na Rio Bravo, akiwa na John Wayne tena. Mafanikio hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kuomba fedha za kwenda Afrika.

Lakini kwa nini Afrika, na kwa nini Tanganyika? Maelezo ni zaidi ya moja, na yafaa tuyapime.

La kwanza ni urafiki wake na mwandishi Ernest Hemingway. Hawks alikuwa mpenda uwindaji kama rafiki yake, na filamu yake ya mwaka 1944, To Have and Have Not, ilitokana na kitabu cha Hemingway. Naye Hemingway aliwinda katika nchi hii kati ya 1933 na 1934, akapita Mto wa Mbu na Babati, akaisifu nchi inayozunguka Ziwa Manyara katika kitabu alichokitoa mwaka 1935. Ni rahisi kuamini kwamba jina la ziwa hili lilimfikia Hawks kwa njia hiyo, lakini rafiki kusifia mahali hakutoshi kumfanya mtu ahamishe waigizaji, kamera na mafundi kuvuka bahari.

La pili ni televisheni. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walianza kubaki nyumbani na kutazama sanduku dogo lisilo na rangi, na studio zikatafuta kitu ambacho sanduku hilo halikiwezi: skrini pana, rangi, na nchi za mbali zilizopigwa picha mahali penyewe. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, The African Queen ya 1951 na Mogambo ya 1953 zote zilipigwa Afrika Mashariki na Kongo, na zote zilipata watazamaji. Sababu hii inaeleza vizuri kwa nini studio ya Paramount ilikubali kulipa.

La tatu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kazi yenyewe. Eneo la Arusha lilikuwa na wakamataji wa wanyama waliowauzia mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani, na mmoja wao, Willy de Beer, akawa mshauri wa Hawks. Kumkamata kifaru akiwa hai kwa gari na kamba ni kazi ya kundi, inahitaji ufundi, na kosa dogo huvunja mguu au huua. Hawks alikuwa akiitafuta kazi ya namna hiyo maisha yake yote. Ongeza hali ya nyakati: Kenya ilikuwa imetoka kwenye hali ya hatari mwezi Januari 1960 tu, na Kongo ilikuwa imeingia vitani tangu Julai mwaka huo. Tanganyika ilikuwa tulivu.

Tulivu haimaanishi kulala. Mwezi Agosti 1960, miezi michache tu kabla ya msafara kufika, Tanganyika ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Alikitwaa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Mwezi uliofuata Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Kwa hiyo juu ya ukuta ule, mafundi wa kamera walipokuwa wakijiandaa, palikuwa na wananchi waliokuwa wametoka kukiambia chama chenye nguvu kuliko vyote nchini kwamba mjumbe wao watamchagua wenyewe. Ni vizuri tukio hilo likumbukwe tunapoendelea.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kupiga picha, maana hapa ndipo Hatari! inapostahili heshima.

Simulizi ya filamu ni nyepesi. Kundi la wageni linaloishi Momella, likiongozwa na Sean Mercer, ambaye ni John Wayne, linakamata wanyama kwa msimu mmoja ili kutimiza maagizo ya mabustani. Anafika mpiga picha mwanamke, aliyeigizwa na Elsa Martinelli wa Italia, na mapenzi yanafuata. Wamo pia Mjerumani Hardy Krüger, Mfaransa Gérard Blain na mchekeshaji wa Kimarekani Red Buttons. Hadithi iliandikwa na Harry Kurnitz na mchezo ukaandikwa na Leigh Brackett, mwanamke aliyefanya kazi na Hawks kwa miaka mingi. Lakini mchezo huo haungeweza kukamilishwa mezani, kwa kuwa mnyama wa porini hapangiwi zamu ya kusema. Kwa hiyo mbio zilitangulia na hadithi ikafuata: kile ambacho wanyama walikubali kukifanya mbele ya kamera ndicho kilichoamua matukio mengine yafungwe wapi.

Zitazame mbio za kifaru. Wayne ameketi nje ya gari, kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, mkanda ukiwa kiunoni, na mikononi ameshika mti mrefu wenye tanzi la kamba. Gari dogo la pili linakimbia ubavuni kumzuia mnyama asikate kona. Vumbi linapanda, gari linaruka kwenye mashimo, na kifaru anageuka na kulipiga bati kwa pembe. Tanzi linaingia shingoni. Watu wanaruka chini na kamba, na kamba nyingine zinatafuta miguu. Mnyama anajinasua, na kazi inaanza upya. Waigizaji wenyewe wapo pale, na hilo linaonekana: nyuso zao zina hofu na furaha ambayo mwigizaji aliyekaa studioni hawezi kuitengeneza. Mpiga picha mkuu, Russell Harlan, alifikishwa kwenye ushindani wa Oscar kwa kazi hii, na alistahili.

Sababu nyingine ya uzuri huo ni ardhi. Nyika za kandokando ya maziwa ya magadi ni tambarare, nyasi zake ni fupi, na upeo wake ni mpana, hivyo gari la kamera liliweza kwenda sambamba na gari la wakamataji kwa mwendo uleule na kumwonyesha mtazamaji yote mawili, mnyama na mtu, ndani ya picha moja bila kukata. Msituni jambo hilo lisingewezekana.

Ndani ya picha hizohizo wapo Waafrika. Wanapanda nyuma ya magari, wanavuta kamba, wanawafunga wanyama miguu, wanajenga mazizi, wanasema maneno machache ya Kiswahili. Kuna mahali wenyeji wanampokea mpiga picha yule na kumpa jina la Mama Tembo kwa sababu ya watoto wa tembo wanaomfuata. Lakini filamu ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, na katika muda wote huo haimfuati Mwafrika hata mmoja hadi nyumbani kwake. Hatujui wanatoka wapi, wanalipwa nini, wala wanasema nini wageni wakishaondoka mezani.

Jambo hili linaelezwa kwa namna mbili. Wengine husema ni desturi ya Hollywood ya wakati ule, na kwamba Hawks hakuwa mbaya kuliko wenzake. Ni kweli, tena watu weusi wa Marekani kwenyewe walionekana katika filamu za miaka hiyo kama watumishi na wapita njia. Wengine husema ni ukoloni: nchi iliyotawaliwa kwa miaka mingi ilizoeleka machoni pa wageni kuwa nyika yenye wanyama, na watu wake kuwa vibarua wa nyika hiyo. Nayo ni kweli. Lakini kwa Hawks ipo sababu ya tatu, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Huyu alikuwa mtu aliyejenga filamu zake zote juu ya heshima ya kazi: ukiijua kazi, umo kundini, hata uwe mlevi, mzee au kilema. Kwa kipimo chake mwenyewe, wale waliovuta kamba walikuwa wa kundi. Aliwaona kila siku wakiifanya kazi hiyo, na bado hakuwaandikia hata sentensi moja nzuri.

Wala ushujaa mbele ya mnyama haukuwa kitu kigeni katika wilaya aliyokuwa jirani yake. Mmarekani mwingine, mwanaanthropolojia George Klima, aliishi na Wabarabaig wa nyanda za Hanang katika miaka ya 1950, akaandika jinsi kijana aliyemuua simba au mnyama mwingine wa kutisha kwa mkuki alivyopokewa kwa heshima na kuzungushwa kwa jamaa zake, ambao walimzawadia ng'ombe. Kijana huyo hakuwa na gari wala tanzi. Hapo palikuwa na filamu ya Howard Hawks iliyokamilika, mwendo wa siku chache kutoka kambini kwake.

Hatari! ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 1962 na ikaingiza fedha nyingi. Muziki wa Henry Mancini, hasa ule wa kutembea kwa mtoto wa tembo, ulikwenda mbali kuliko filamu yenyewe. Kati ya kupigwa picha na kuonyeshwa, nchi ilikuwa imebadilika. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Nyerere alitoa tamko kwamba kuwatunza wanyamapori ni dhamana ya serikali itakayokuja. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Na Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama, nafasi yake ilishikwa na Rashidi Mfaume Kawawa.

Hapa historia inatuwekea Hawks na Kawawa kando kwa kando. Kawawa, mzaliwa wa Songea, alikuwa mwigizaji wa filamu kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi na wa taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, alishiriki katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na akawa mhusika mkuu wa Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia mjini. Filamu hizo zilikuwa na nia ya kufundisha na kuadibu, kama zile zilizotangulia kutengenezwa Vugiri, Korogwe, kati ya 1935 na 1937 chini ya L. A. Notcutt. Hazikuwa huru. Hata hivyo Mwafrika alikuwamo ndani yake akiwa na jina, nia na kosa la kwake, akizungumza lugha yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hatari! ilipofika kwenye majumba ya sinema, waziri mkuu wa nchi iliyoonyeshwa ndani yake alikuwa mtu aliyewahi kuwa nyota wa filamu, na filamu hiyo haina Mwafrika yeyote anayekumbukwa kwa jina.

Miaka michache baadaye kamera ya aina nyingine iliingia Mbulu penyewe. Mwaka 1966 ilitoka filamu fupi ya Sean Hudson, iliyotengenezwa pamoja na mwanaanthropolojia James Woodburn, kuhusu jinsi Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanavyotafuta chakula. Hiyo ilikuwa karibu na wakati ambao serikali ilikuwa ikijaribu kuwakalisha Wahadzabe katika kijiji cha Yaeda Chini, jaribio ambalo wengi wao walilikimbia. Filamu ya Hudson haina nyota wala mbio za magari. Ina watu wanaochimba mizizi, wanaofuata nyayo na wanaogawana nyama, nayo inawapa muda. Kwa historia ya wilaya, dakika hizo chache zina thamani kuliko mapenzi yote ya Momella.

Hawks alirudi Hollywood na kutengeneza filamu nne zaidi, ya mwisho ikiwa Rio Lobo ya mwaka 1970. Mwaka 1975 alipewa Oscar ya heshima, akakabidhiwa na John Wayne, na tarehe 26 Desemba 1977 akafariki Palm Springs, California. Hardy Krüger hakuiacha Momella: alinunua shamba huko na kuishi humo zaidi ya miaka kumi. Ziwa Manyara lilikuwa limekwishatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1960. Vifaru hawakusalimika, ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza Manyara, na mtu anayetaka kuwaona wakikimbia chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hana budi kuwatafuta katika picha za Russell Harlan.

Kwa hiyo nashauri Hatari! itazamwe Mbulu, Hanang, Karatu na Mto wa Mbu, na itazamwe pamoja na wazee. Waliokuwa na miaka 15 msafara ulipopita walizaliwa yapata mwaka 1945, na baadhi yao bado wapo. Walimu wa historia wa shule za sekondari za huko wana wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti na picha. Waketi na wazee hao mbele ya filamu, wawaulize ni nani aliyeshika kamba, alitoka kijiji gani na alilipwa kiasi gani, na waandike majina.